Atenolol yangu, vidole viwili na saa ya ukutani

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa pili wa kumeza atenolol, dawa ya presha ya kundi liitwalo beta bloka. Presha ilikuwa imetulia, 124 kwa 78, nikajiambia nimepona. Nikaacha. Usiku wa siku ya tatu moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimelala, kifua kikabana kana kwamba mtu amenikalia. Daktari wa zamu aliponiuliza mara ya mwisho nilimeza dawa lini, niliona haya kumjibu.

Alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Beta bloka huziba milango ambayo adrenalini hupitia kuuambia moyo "kimbia". Mwili ukiona milango imezibwa, unatoboa mingine. Ukiiondoa dawa ghafla, milango yote, ya zamani na mipya, inabaki wazi kwa pamoja, na moyo unachapwa kuliko hata kabla hujaanza tiba. Presha hupanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata mshtuko wa moyo. Kwa hiyo kama kuna haja ya kuacha, daktari ndiye anayepunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki moja, mbili au zaidi. Tangu siku ile, vikibaki vidonge vya siku saba sisubiri, naenda kuchukua vingine. Nikisafiri, dawa inakaa kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku linaweza kupotea.

Ijue yako ni ipi. Majina mengi yanaishia na "lol": propranolol, atenolol, bisoprolol, metoprolol, carvedilol. Ni ndugu, lakini hawapimwi kwa mizani moja. Miligramu 5 za bisoprolol si dozi ya kitoto eti kwa sababu jirani anameza 50 za atenolol. Usiazime kidonge cha mtu. Uliza pia unakunywa kwa ajili ya nini, maana dawa hizi hutolewa kwa presha, maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, moyo dhaifu, baada ya mshtuko wa moyo, na hata kwa kipandauso. James Black, Mskoti aliyebuni propranolol miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, hoja yake ilikuwa nyepesi: badala ya kuhangaika kuuongezea moyo damu, upunguzie kazi.

Sasa mapigo. Hili nalifanya kila asubuhi kabla ya kumeza. Nakaa kitini dakika tano bila kuongea. Mkono wa kushoto naulaza juu ya meza, kiganja juu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, naviweka kwenye kifundo chini ya kidole gumba, nabonyeza kidogo tu mpaka nisikie kitu kinadunda. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kina mdundo wake na utajihesabu mara mbili. Kisha natazama saa ya ukutani na kuhesabu dakika nzima. Najua wengi huhesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili, lakini mapigo yakiwa yanarukaruka, nusu dakika inadanganya. Yangu huwa 58 hadi 62. Naandika kwenye daftari, pembeni naandika presha.

Daktari wangu alinipa mpaka: yakiwa chini ya 50, nisimeze, nimpigie kwanza. Omba mpaka wako mwenyewe, usichukue wangu. Lakini mapigo yakiwa chini na huku unaishiwa nguvu, umezimia au pumzi inakata, hapo si suala la simu ya kuulizia, ni kwenda hospitali.

Meza saa ile ile kila siku. Carvedilol humezwa pamoja na chakula. Vile vinavyoyeyuka polepole usivisage wala kuvitafuna, maana dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo. Ukisahau, meza unapokumbuka, ila kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, achana na ile iliyopita. Usifidie kwa viwili. Mimi nilinunua kiboksi chenye vyumba saba baada ya kusimama jikoni asubuhi moja na glasi ya maji mkononi, nisijue kama nimeshameza au bado.

Wiki za mwanzo utachoka. Mikono na miguu itakuwa baridi, na ukiinuka haraka kitandani dunia itazunguka. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Propranolol huwaletea wengine ndoto za ajabu. Ukifanya mazoezi usitegemee mapigo kupanda kama zamani. Kipimo changu ni kama naweza kuongea huku natembea. Kuna jambo wanaume hawalisemi: nguvu za kiume zinaweza kupungua. Shemeji yangu aliacha vidonge vyake kimya kimya kwa sababu hiyo, dada akagundua pakiti zimejaa. Angesema tu, angebadilishiwa.

Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa, kwani dawa hizi zinaweza kubana njia za hewa. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari ikishuka, moyo kwenda mbio na kutetemeka, zile dalili alizozizoea, zinaweza kufichwa. Jasho kwa kawaida hubaki, kwa hiyo akitokwa na jasho la ghafla apime. Mjamzito, au anayepanga kushika mimba, aseme pia, kwani atenolol kwa kawaida huepukwa na zipo nyingine.

Mfamasia aambiwe kila unachotumia. Verapamil au diltiazem, dawa nyingine za moyo na presha, pamoja na beta bloka vinaweza kuudumaza moyo kupita kiasi. Matone ya presha ya macho yenye timolol nayo ni beta bloka, na huingia kwenye damu. Ibuprofen na dawa za kuzibua pua zinaweza kukupandishia presha. Aliyeanzishwa kwa ajili ya moyo dhaifu hupewa dozi ndogo sana, ikiongezwa taratibu, naye ajipime uzito kila asubuhi: kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, au miguu ikivimba, ampigie daktari siku hiyo hiyo.

Kwenye pochi nina kikaratasi kilichokunjwa mara nne: atenolol, miligramu 50, asubuhi, tangu lini, mpaka wangu wa mapigo. Mwaka jana nilipofanyiwa upasuaji, nilimkabidhi mtaalamu wa usingizi. Alikisoma, akaniuliza kama nimemeza cha leo.

"Nimemeza," nikamjibu, na safari hii sikuona haya.