Somo: Kumpeleka mgonjwa Bombo pamoja na taarifa zake

Tuchukue zahanati binafsi ya Ngamiani, Tanga mjini, inayompa mgonjwa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mji ni mmoja, lakini taarifa zake huweza kupotea njiani, na kosa mara nyingi si la intaneti. Huanzia mapokezi, kwenye jina.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya kompyuta

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa lugha ya sheria hiyo zahanati ni mkusanyaji. Kampuni inayowatunzia mfumo ni mchakataji. Wote wawili wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andikeni makubaliano na kituo mnachotumiana nacho: nini kinatumwa, kwa kazi gani, nani anafungua, kinatunzwa muda gani, na kikivuja nani anampigia nani. Kurasa mbili zinatosha.

Hatua ya 2: Huyu ni nani?

Hapa msiharakishe. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mfumo uzilinganishe na tarehe iliyoandikwa. Zisipolingana, karani aulize tena kabla mgonjwa hajaondoka dirishani. Watoto wengi hawana namba hiyo, na watu wazima wengi huiacha nyumbani, kwa hiyo mnahitaji njia ya pili: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, jina la mama na mtaa. Simu iwe ya kumpata mtu tu, isiwe ya kumtambua. Simu moja huweza kuhudumia nyumba nzima.

Majina ya pwani yana mtego wake. Fatuma Ali, Fatma Ally na Fatuma Aly wanaweza kuwa mtu mmoja au watu watatu. Athumani huandikwa Othman, Saidi huandikwa Said. Andika kama kadi inavyosema, kisha ruhusu mfumo utafute kwa kukaribia. Lakini usiuruhusu uunganishe mafaili wenyewe. Mgonjwa mmoja kuwa na mafaili mawili ni usumbufu; wagonjwa wawili kuwa na faili moja ni hatari, maana mzio wa huyu utasomwa kwa yule. Kuunganisha kufanywe na mtu aliyepewa kazi hiyo, na kuweze kutenguliwa.

Asiyejua siku aliyozaliwa asiandikiwe 1 Januari. Andikeni mwaka peke yake na alama ya makadirio. FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo, kinakubali mwaka mtupu, basi msilazimishe uongo.

Hatua ya 3: Cha kutuma

Si faili lote. Tumeni sababu ya rufaa, ugonjwa pamoja na msimbo wake wa ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa), dawa kwa jina halisi (si la biashara) na dozi yake, mzio, na vipimo vinavyohusika. Mzio uwe na majibu matatu: anao, hana, hakuulizwa. Nafasi tupu si "hana".

Kila kipimo kiende na kizio chake, yaani namba imepimwa kwa nini. Sukari ya 15 kwa mmol/L imepanda sana. 15 kwa mg/dL imeshuka kiasi cha kuua. Namba ni ileile, tiba zinapingana. Kubadili: mmol/L zidisha kwa 18 upate mg/dL. Kwa kreatinini (kipimo cha figo), 1 mg/dL ni takriban 88.4 µmol/L. Hesabu hiyo ifanywe na mfumo, na jibu la awali libaki likionekana.

Kuna pia suala la saa. Mgonjwa akisema alimeza dawa saa 3, ni saa 3 asubuhi au usiku, na kompyuta inataka 09:00 au 21:00. Karani akiandika 03:00, mtu wa wodini atahesabu dozi vibaya. Muulizeni: kabla ya chai au baada ya chakula cha usiku?

Hatua ya 4: Kutuma

Kwanza tutenganishe mambo. DHIS2, mfumo wa takwimu unaopokea ripoti za MTUHA (taarifa za utoaji huduma za afya), hubeba jumla za kituo; si njia ya kumpeleka mgonjwa mmoja. Mfumo wa kituo, kama GoTHOMIS kwenye vituo vingi vya serikali, ndio wenye faili. Kati ya mifumo panahitajika mpatanishi anayepokea ujumbe, kuukagua na kuupeleka unakotakiwa, badala ya kila mfumo kuvuta waya wake hadi kwa kila mwenzake.

Ujumbe usafiri umesimbwa, yaani umefichwa ili asiyehusika asiusome. Mtandao ukikata, ukae foleni kwenye kompyuta ya kituo, na kompyuta hiyo iwe na betri ya akiba. Dai jibu la aina mbili: "imefika kwenye seva" na "imeingia kwenye faili". La kwanza peke yake limewadanganya wengi. Fomu ya rufaa ya karatasi bado iandikwe.

Hatua ya 5: Nani alifungua

Kila mtu na akaunti yake. Nywila iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta inafuta kazi yote ya hapo juu. Kwa dharura, daktari aweze kufungua faili lisilo lake kwa kuandika sababu, na orodha ya waliofungua hivyo ipitiwe kila wiki.

Maswali ya wanachama

*Mapokezi, Pangani: Shikamooni walimu. Daktari anataka picha ya majibu ya maabara kwa WhatsApp, anasema ni haraka. Nimkatalie?*

Marahaba. Kwenye kikundi, kataa kabisa: picha hubaki kwenye simu ya kila mwanakikundi. Kama ni dharura, apige simu kwa daktari mwenzake. Anayepokea aandike na kurudia kwa sauti jina, kipimo, namba na kizio. Kisha majibu yafuate njia ya kawaida.

*Muuguzi, Muheza: Mgonjwa wa CTC (kliniki ya VVU) hataki kituo kingine kijue hali yake. Tukificha ugonjwa inatosha?*

Haitoshi, dada. Orodha ya dawa itamtangaza. Anayeona dolutegravir, dawa ya VVU, ameshajua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, kwa hiyo ridhaa yake iombwe peke yake, isichanganywe na ya rufaa. Lakini mweleze gharama ya kuficha: dolutegravir hupandisha metformin (dawa ya kisukari) mwilini, na rifampicin (dawa ya kifua kikuu) hushusha dolutegravir. Akishaelewa, uamuzi ni wake, uandikeni.

*Mteknolojia wa maabara, Korogwe: Mtandao ukikata tunatuma tena, halafu mgonjwa anaonekana kapimwa mara mbili.*

Mfumo wenu unatoa namba mpya ya ujumbe kila mnapobonyeza. Namba itolewe mara moja, majibu yanapothibitishwa, na irudiwe ileile kila jaribio. Anayepokea akiiona mara ya pili, anajibu "ninayo" bila kuandika kipya. Mwambieni fundi wa programu kwa maneno hayohayo.

*Mgonjwa, Tanga mjini: Naomba nakala ya faili langu, naambiwa ni mali ya hospitali.*

Jalada ni lao, taarifa zinakuhusu wewe. Sheria ya 2022 inakupa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Andika barua, taja tarehe za matibabu, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, malalamiko yaende kwenye Tume. Ukikuta kosa, usitarajie lifutwe: la zamani hubaki, la sahihi huandikwa chini yake na tarehe na jina la aliyerekebisha. Omba pia marekebisho yapelekwe kila kituo kilichopokea lile la kwanza. Hilo ndilo husahauliwa.