Namna ya Kutambua Nyuroni Zinazokufa katika Ubongo wa Mtoto wa Panya

Ubongo wa mamalia huzalisha nyuroni, yaani seli za neva, nyingi kuliko zile utakazobaki nazo, kisha huziondoa zilizozidi kwa kifo kinachoongozwa na jeni za seli zenyewe, kiitwacho apoptosisi. Katika gamba la ubongo wa panya wa maabara, kifo hicho hushamiri katika wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo, andaa watoto wa panya wa siku 0, 3, 5, 7, 10 na 14, kwa sababu umri mmoja pekee hauwezi kuonyesha kilele kilipo.

Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, mpe mtoto dawa ya usingizi, kisha pitisha paraformaldehaidi ya asilimia 4, dawa ya kuhifadhi tishu, kupitia moyoni bila kuchelewa. Dawa nyingi za usingizi zikitumika kwa saa kadhaa huua nyuroni changa, kama pombe inavyofanya, na mtafiti anayekawia anaweza kujikuta akihesabu vifo alivyovisababisha mwenyewe.

Kata ubongo vipande vyembamba, na vile vinavyofuatana uvigawe mafungu mawili, moja la kupima RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika, na jingine la kupima protini.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi, nami naomba msomaji atulie. Kukuta RNA ya jeni ya kaspesi-3, kimeng'enya kinachokatakata protini za seli inayokufa, ndani ya seli si ushahidi kwamba seli hiyo inakufa. Nyuroni changa zilizo hai kabisa hutengeneza kaspesi-3, ila katika umbo lisilofanya kazi, na hubaki hivyo mpaka protini iitwayo Bax itoboe utando wa nje wa mitokondria (vinu vya nishati vya seli), protini ya humo iitwayo sitokromu c ivuje na kuungana na protini nyingine, Apaf-1, kisha kimeng'enya cha kaspesi-9 kiamke na kuikata kaspesi-3. Ni kule kukatwa kunakoianzishia kazi. Kwa sababu hiyo, tumia kingamwili inayotambua kaspesi-3 iliyokwisha kukatwa, na RNA uichukulie kuwa dalili ya uwezo wa kufa tu.

Thibitisha kwa kipimo cha TUNEL, ambacho hutia alama kwenye ncha za DNA iliyovunjika. Kipande kimoja kitie DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, ili uhakikishe kwamba kipimo kinafanya kazi, na kingine ukinyime kimeng'enya cha kutia alama. TUNEL haitofautishi vizuri apoptosisi na nekrosisi, yaani kifo cha seli iliyoumizwa, kwa hiyo isitumike peke yake.

Unapohesabu, gawanya idadi kwa ujazo wa eneo, kwani ubongo unakua kila siku. Kumbuka pia kwamba seli iliyokufa humezwa na mikroglia, seli za kinga za ubongo, na kutoweka katika muda mfupi, hivyo hesabu yako ni ya wakati ule tu. Anayetaka jumla ya nyuroni zilizopotea alinganishe idadi ya nyuroni za panya wa kawaida waliokomaa na ya ndugu zao walioondolewa jeni ya Bax.