Kutembeza kikundi milimani Mbeya: mwongozo kutoka kwa anayefunga msafara

Kikundi chetu hutoka Jumamosi moja kila mwezi, na kwenye msafara mimi nina nafasi moja tu: nyuma kabisa. Mbele anakaa kijana anayeijua njia, katikati wanajipanga wanavyotaka, mimi nafunga. Siku nyingine niko Mwanjelwa na cherehani yangu, nimezoea kuuona mshono unaotaka kufumuka kabla haujaachia, na kule nyuma kazi ni hiyohiyo. Watu wananiuliza waanzishe vipi kikundi kama hiki kazini kwao, kanisani au mtaani. Nitaeleza tunavyofanya sisi, lakini lipo jambo moja linalotangulia mengine yote: matembezi ya kikundi hupangwa kwa miguu ya mtu wa mwisho. Ukiyapanga kwa miguu ya vijana watatu wenye mbio, mwezi unaofuata utabaki na hao watatu.

Njia na muda

Mlima Loleza umesimama juu ya mji, kila mgeni anataka kuanza nao. Mimi naukataa kwa safari ya kwanza. Kilele chake kina mita 2,656, mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi, maana yake unampandisha mtu karibu mita 1,000 siku ambayo hujui hata magoti yake yakoje. Kilele cha Mbeya, kinachopita mita 2,800, kisubiri zaidi. Safari ya kwanza wapeleke njia za mashambani upande wa Isongole, kwenye viazi na mikaratusi, mahali ambapo mtu akichoka barabara ya lami haiko mbali.

Ya pili au ya tatu ndiyo Ziwa Ngosi. Unatoka Uyole kwa barabara ya Tukuyu, unashuka Mchangani, unafuata njia ya shambani mpaka msitu unapoanza. Ndani ya msitu kuna mianzi na migomba mwitu, njia inapanda taratibu halafu inakaza sana karibu na mwisho, kisha unatokea ukingoni na ziwa unaliona chini kabisa, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Hapo ndipo tunapokula. Kushuka mpaka majini hatuendi na kikundi. Ule mteremko ni mkali na unateleza, na kila hatua uliyoshuka lazima uipande tena. Msitu ni wa hifadhi, kwa hiyo mambo ya kibali, kiingilio na mwongozaji yaulize ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kabla ya siku ya safari. Usingoje kubishana njiani huku watu ishirini wamesimama.

Kwa hesabu ya muda tunatumia kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 inakuwa saa tatu. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mkakamavu asiyesimama. Sisi tunaongeza nusu, zinakuwa saa nne na nusu, halafu tunaweka saa nzima ya kula na kupiga picha. Mwezi Juni jua huku linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na msituni giza huingia mapema kuliko hapo. Kwa sababu hiyo tuna saa ya kugeuka, nayo ni saa nane mchana. Ikifika, tunageuka popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Itangazeni asubuhi kabla watu hawajaanza kupanda, kwa sababu mtu akishakiona kilele hasikii tena.

Majira ni rahisi. Mvua zetu huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, na Rungwe huendelea hata baada ya hapo. Juni hadi Oktoba njia ni kavu. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, basi vaa nguo za kuvua moja moja kadiri jua linavyopanda. Safari moja tu ndiyo naikubali wakati wa mvua: Kitulo. Maua ya kule hayachanui kiangazi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ina aina zaidi ya 40 za okidi. Lipeni kiingilio, vaeni makoti ya mvua, tembeeni kwenye njia iliyowekwa. Okidi zimechimbwa sana kwa ajili ya chikanda (chakula kinachopikwa kwa mizizi yake) inayovushwa kwenda Zambia. Kikundi kizima kikikanyaga ua lilelile ili kila mtu apige picha, nacho kinaharibu.

Viatu vya mtumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu safari nyingi huharibikia miguuni.

Viatu vizuri vya mlima viko mnadani na kwenye mabanda ya Mwanjelwa, ila wengi wanachagua kwa rangi. Shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kinatakiwa kikunjike penye vidole. Kikikunjika katikati ya unyayo, hicho ni cha kuendea harusini, kiache. Halafu bonyeza ule ubavu wa soli kwa kidole gumba, pale kati ya ngozi na mpira wa chini. Kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi kinaweza kuonekana kipya kabisa, kumbe ile sponji ya ndani imeoza, na itamomonyoka vipande vipande ukiwa katikati ya njia. Ukibonyeza ikabonyea isirudi, au ikaacha unga kidoleni, mrudishie muuzaji.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za siku, na nenda na soksi utakazovaa safarini. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kipenye. Bila nafasi hiyo, kwenye mteremko kucha za vidole gumba zitagonga mbele mpaka ziwe nyeusi. Kisha vivae wiki nzima hapa mjini kwenda sokoni na kanisani. Kiatu kipya hakianziwi mlimani.

Malengelenge nayo yana dawa yake, na dawa yenyewe ni kusema mapema. Kisigino kinaanza kuwa cha moto kabla hakijafanya lengelenge. Ukimwambia mfunga msafara wakati huo, ni suala la kukaa dakika mbili, kukausha mguu na kubandika plasta. Ukinyamaza mpaka chakula cha mchana, ngozi imeshatoka.

Vitu vingine vya begini havina maneno mengi: maji lita mbili kwa kila mtu (kwenye baridi hamsikii kiu, lakini maji yanatoka mwilini vilevile), kofia, koti la mvua hata kiangazi, tochi, filimbi, pakiti za ORS. Suruali ichomekwe ndani ya soksi mkiingia msituni, kwa ajili ya siafu na majani ya kuwasha. Na khanga moja. Khanga ni mkeka, ni shuka ya kujifunika mtu anayetetemeka, ni bandeji ya kifundo kilichoteguka, ni tanzi la kubebea mkono. Sijawahi kuona kifaa cha dukani kinachofanya yote hayo.

Njiani

Hesabu watu mkishuka garini, kwenye kingo za msitu, juu, na mkirudi. Kila mtu apewe mwenzake wa kumwangalia, na wasiwe mke na mume, maana hao huzoeana mpaka hawaangaliani. Kwenye njia panda yoyote, kila mmoja asimame mpaka amwone anayemfuata, amwonyeshe mkono alikopita, ndipo aendelee. Kanuni hiyo ndogo inafanya kazi hata kama msafara umenyooka nusu kilomita.

Sasa mapumziko. Hapa ndipo vikundi vingi vinawaonea wasio na mbio bila kujua. Wa mbele wanafika kwenye kivuli, wanakaa, wanakunywa maji, wanacheka. Mama wa mwisho anatokea, jasho linamtiririka, nao wanasimama na kujikung'uta: "Haya, tumekamilika, twende!" Waliopumzika ni wale wasiohitaji, na anayehitaji hajapata hata dakika moja. Akifika kwenye kivuli cha tatu amechoka mara mbili ya wengine, na si kwa sababu ni dhaifu. Kwetu mapumziko yanaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa chini. Dakika kumi zake kamili. Kisha yeye ndiye anayeondoka wa kwanza, nyuma tu ya kiongozi, na kiongozi anafuata hatua zake.

Sikiliza pia maneno haya: "Tangulieni tu, nitawakuta." Mtu akisema hivyo, hana mpango wa kuwakuta. Amechoka na anaona aibu kuwachelewesha. Usimjibu kwa kumhimiza, wala usimbebee begi kwa nguvu mbele ya watu. Mimi husema, "Hata mimi nataka kukaa, mama, hebu tuangalie haya mashamba." Tunakaa. Namuuliza alikula nini asubuhi, mara nyingi ni chai ya rangi tupu. Anapewa kiazi na maji, na baada ya robo saa anasimama mwenyewe. Akitetemeka, akiongea maneno yasiyoeleweka au akijikwaa kwenye njia laini, huyo anageuzwa, na anarudi na watu wawili, kamwe si peke yake wala na mmoja. Kifundo kikiteguka, kikazeni na khanga juu ya kiatu bila kukivua, mguu uinuliwe, mpigieni simu mwenyeji wenu kijijini atafute bodaboda mpaka inapoweza kufika. Namba ya dharura ni 112, lakini mlimani mtandao unakatika, kwa hiyo mwenyeji wa kijiji ndiye msaada wenu wa karibu.

Ndiyo maana mkifika mnaanza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji. Kundi la watu wenye mabegi linaleta maswali. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia viazi alituitikia marahaba kisha akauliza, "Mnakwenda msibani, wanangu?" Kijana wetu akamwambia, "Hapana bibi, tunatembea tu kuangalia milima." Akatutazama kwa huruma, akasema, "Basi mpite huku, huko kuna utelezi." Alitupitisha pembeni mwa shamba lake mwenyewe. Heshima ya aina hiyo hailipwi kwa kukanyaga matuta. Pita kwenye mpaka wa shamba hata ukiona njia ya mkato, usichume parachichi la mtu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na chakula cha kurudi nacho kinunuliwe kijijini: mahindi ya kuchemsha, magimbi, ndizi. Taka zote zirudi mjini ndani ya begi.

Mkisharudi

Safari haiishii mnaposhuka Uyole. Huyu anapanda daladala ya Mbalizi, yule bajaji ya Isyesye, mwingine anaenda mbali zaidi na giza limeingia. Kila mmoja anaandika kwenye kundi la simu akishafika nyumbani, na mimi orodha yangu ninayo, namwekea alama. Asiyeandika napiga simu.

Kesho yake namtafuta aliyekuwa wa mwisho na kumuuliza mpando upi ulimshinda na angependa twende wapi mwezi ujao. Jibu lake ndilo tunaloanza nalo kupanga.