Lose au loose? Namna ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayofanana

Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, ndiyo maana Kiingereza hututega: herufi moja ikiongezeka, neno limeshakuwa jingine. Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi haioni kitu, kwa kuwa maneno yote mawili ni halali. Kosa liko kwenye sentensi.

Hatua ya 1: Uliza neno linafanya kazi gani. Pale panatakiwa nomino au kitenzi? Advice ni ushauri, advise ni kushauri. Kwa Waingereza, practice na practise, licence na license hufuata mkondo huohuo: c kwa nomino, s kwa kitenzi. Marekani wamejipunguzia kazi, practice na license hutosha kwa yote. Chagua upande mmoja, usichanganye.

Hatua ya 2: Litamke. Advice huishia na sauti ya s, advise na ya z. Lose, yaani kupoteza, hutamkwa kwa z japo z haionekani. Loose, yaani kulegea, hutamkwa kwa s. Quiet, yaani kimya, ina silabi mbili; quite, yaani kabisa, moja tu. Desert ikiwa jangwa, mkazo uko mwanzoni. Dessert, kile kitamutamu cha baada ya mlo, mkazo uko mwishoni. Tabu ni kwamba desert ikiwa kitenzi, kutelekeza, hutamkwa sawasawa na dessert. Hapo sikio limefika mwisho, rudi hatua ya 1: ni kitenzi, basi s moja.

Hatua ya 3: Sauti zikilingana, tafuta asili. Stationer ni muuza karatasi na kalamu, kwa hiyo bidhaa zake ni stationery, yenye er. Stationary ni kitu kilichosimama mahali pamoja. Na ni ndugu hasa: stationer wa zamani alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, si mchuuzi wa kutembeza.

Maswali ya wanachama

Swali: Its na it's je?
Jibu: Weka it is au it has mahali pake. Sentensi ikikubali, tia alama ya apostrofi ('). Ya umiliki haina alama, kama ilivyo his.

Swali: Tuliambiwa affect ni kitenzi na effect ni nomino. Mbona nimekuta effect a change?
Jibu: Kanuni hiyo inafaa mara nyingi, si zote. Effect ikiwa kitenzi ni kuleta jambo likatokea. Effect a change ni kuleta mabadiliko. Affect a change ni kuyaathiri yaliyopo tayari.

Swali: Principal na principle zote ni nomino. Hatua ya 1 inasaidia nini?
Jibu: Nusu tu. Principle ni nomino siku zote: kanuni, msimamo. Principal ni mkuu wa chuo, au kiasi cha mkopo kabla ya riba, na pia ni kivumishi. Kwa hiyo ukihitaji kivumishi, andika principal bila kusita.