Kitanda cha mtoto mchanga: godoro gumu, shuka moja, basi

Seti za matandiko ya mtoto zinazouzwa Kariakoo na Eastleigh huja kwenye mfuko mmoja wa nailoni wenye zipu: duveti, mto mmoja au miwili, bampa la kuzungushia kitanda, pengine kimto cha umbo la moyo, na shuka. Katika vyote hivyo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji shuka tu. Vingine visiingie kitandani. Kama seti ni zawadi, pokea kwa shukrani, tandika shuka, vilivyobaki vikae kabatini.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya namna mtoto mchanga anavyopumua. Uso wake ukizama kwenye kitu laini, anavuta tena hewa ileile aliyoitoa. Kaboni dayoksaidi inajikusanya mbele ya pua, oksijeni inapungua. Mtu mzima angeshtuka na kugeuka. Mtoto wa miezi miwili shingo yake haina nguvu ya kutosha, na ubongo wake haujakomaa kiasi cha kumwamsha kila mara hewa inapochafuka. Halii wala hatapitapi, ndiyo maana hata mama aliyelala chumba hichohicho anaweza asisikie kitu. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na vilivyo vingi hutokea kabla ya miezi sita. Miezi hiyo ndiyo ya kuwa mkali kuliko yote.

Anza na godoro

Vitanda vingi vya watoto huku kwetu huchukua godoro la futi 4 kwa 2, yaani kama sentimita 120 kwa 60, lenye unene wa inchi 4. Unene huo unatosha. Usiongeze godoro la pili juu yake, wala blanketi la kukunja "ili mtoto asiumie mgongo". Mgongo wa mtoto hauumizwi na godoro gumu.

Liweke godoro kitandani, lisukume hadi upande mmoja, kisha ingiza vidole kwenye mwanya uliobaki upande wa pili. Vikipita zaidi ya viwili, godoro ni dogo kwa kitanda hicho, na mtoto anaweza kuteleza hapo akabanwa uso. Usizibe mwanya kwa khanga wala taulo. Nunua godoro linalokaa sawasawa, au mwombe muuzaji akukatie sponji kwa vipimo vya ndani vya kitanda chako.

Ugumu unapimika nyumbani bila kifaa cha maabara. Panga diski 12 za CD, ziwe bunda la unene wa kama sentimita 1.5, uziweke juu ya godoro pale kichwa kitakapolala. Chukua pakiti ya maziwa ya lita moja ambayo haijafunguliwa, ilaze kwa ubavu wake mwembamba juu ya diski, kitako chake kikichomoza nje ya ukingo wa diski kwa sentimita 4. Juu yake weka pakiti ya pili ya kuongeza uzito. Kama kona ya pakiti inayochomoza imegusa godoro, hata kwa kugusa tu, godoro hilo ni laini mno. Huna diski? Kibao cha duara chenye kipenyo cha sentimita 12 na unene wa 1.5 kinafanya kazi ileile. Pima pia godoro alilotumia kaka au dada yake, kwa maana sponji huchoka katikati na kufanya bonde ambalo jicho halilioni mpaka uweke rula juu yake.

Nailoni ya dukani iondoe yote siku ya kwanza. Wengi huiacha ili godoro lisiloe mkojo, lakini nailoni nyembamba hujikunja, hunata usoni na kuziba pua. Tumia mpira mzito wa kuzuia mkojo uliokatwa kwa saizi ya godoro, ukae chini ya shuka na ubanwe vizuri, au godoro lenye kava lisilopitisha maji.

Shuka lenye lastiki, na jinsi ya kulishona

Shuka la kuchomekea tu halifai. Mtoto akianza kupiga mateke linachomoka na kumfunika. Linalotakiwa ni lenye lastiki pembe zote, na madukani si rahisi kupata linaloendana na godoro lililokatwa na fundi, kwa hiyo kushona ni jambo la kawaida.

Kwa godoro la sentimita 120 kwa 60 lenye unene wa 10, unahitaji kitambaa cha pamba cha 160 kwa 100. Hesabu yake: juu ya godoro, kisha kila upande sentimita 10 za unene, 8 za kuingia chini na 2 za pindo. Kipande kimoja cha khanga hakitoshi kwa urefu, kwani kwa kawaida kina kama sentimita 150. Afadhali ununue kitambaa cha kukata. Kifue na kukianika kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Kata mraba wa sentimita 19 kwenye kila pembe, unganisha kingo mbili za kila pembe kwa mshono wa sentimita 1, kisha kunja pindo na pitisha lastiki kuzunguka shuka zima. Pindo zima lina sentimita 360. Lastiki ya kama 250 inaleta mvuto unaotakiwa. Kata nyuzi zote zinazoning'inia upande wa ndani na wa nje. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu.

Ukishalitandika, kamata shuka katikati na kulivuta juu, halafu vuta kila pembe. Likichomoka, badilisha lastiki. Lirudie jaribio hili kila baada ya kufua mara kadhaa. Na ukiona shuka limerudi mpaka pembe za godoro zinakunjika kwenda juu, hilo nalo ni la kuacha, maana pembe zikikunjika mwanya wa pembeni unafunguka.

Mto, bampa na shali

Mto wa kutengeneza kichwa ni kitu kinachopendwa sana na bibi zetu, na nia yao ni njema. Lakini mto humkunja mtoto shingo, kidevu kikashuka kifuani, na njia ya hewa ikabana. Kichwa kikianza kuwa bapa upande mmoja, mgeuzie upande wa kulala: leo kichwa kielekee mlangoni, kesho dirishani, kwani watoto hupenda kutazama kwenye mwanga. Mchana akiwa macho, mlaze kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa, ukiwa umekaa naye.

Bampa linauzwa kwa hoja kwamba linamkinga mtoto asigonge kichwa kwenye fito. Mtoto wa umri huu hana kasi ya kujiumiza vibaya kwenye fito, ila ana uwezo wa kujisogeza mpaka pua ikagota kwenye sponji ya bampa. Kamba za kulifungia nazo ni hatari ya shingo, na akishaweza kusimama analifanya ngazi. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa mabampa ya sponji kwa sheria ya mwaka 2022. Bidhaa zilizokatazwa sehemu moja zinaweza kuuzwa kwingine, kwa hiyo kuliona dukani kusikupe imani.

Shali la kufumwa ni zuri kumbebea mtoto kutoka hospitali. Kitandani halifai: matundu yake na mashada ya pembeni hunasa vidole, na likifika usoni mtoto hawezi kulitoa. Kofia pia iondoe akilala ndani ya nyumba, kwani kichwa ndicho kinachomsaidia kupoza mwili, na kofia ikiteleza inafunika pua. Ushanga wa shingoni, uzi wenye hirizi, mkufu, kamba ya nyonyo bandia: vyote vitoke shingoni kabla ya usingizi. Familia inayotaka kuendelea na desturi yake inaweza kutundika kitu hicho ukutani, mbali na mkono wa mtoto.

Chali, kila usingizi

Mlaze chali, usiku na mchana. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivi vilipungua nchini Marekani kwa zaidi ya nusu. Hofu ya kwamba atapaliwa na maziwa inaeleweka, lakini umbile lenyewe linamlinda: mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakaa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hubaki chini au kumezwa. Akiwa kifudifudi mpangilio huo unageuka. Ubavu nao si salama, kwa sababu ni rahisi kubingirika kutoka ubavuni hadi tumboni.

Kumfunga khanga kwa kumbana mikono kunawatuliza wengine, lakini kuishe mara tu anapoonyesha dalili ya kutaka kugeuka, wengine kuanzia miezi miwili. Akishaweza kugeuka mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali kama kawaida. Akijigeuza usingizini muache. Ndiyo sababu kitanda kinatakiwa kiwe kitupu.

Joto, baridi na mbu

Kwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, nepi na fulana moja vinatosha. Makete, Lushoto au Limuru mwezi Julai ni habari nyingine. Mvalishe tabaka moja zaidi ya unalovaa wewe. Gusa kifua au kisogo: pakiwa na jasho, punguza nguo. Viganja na nyayo baridi ni kawaida, zisikuhangaishe. Kifuko cha kulalia ndicho bora kuliko blanketi, ilimradi tundu la shingo lisiweze kupitisha kichwa na kisiwe na kofia. Ukilazimika kutumia blanketi, liwe moja jembamba. Mlaze mtoto nyayo zikikaribia mwisho wa kitanda, blanketi liishie kwapani, na lichomekwe chini ya godoro pande tatu.

Jiko la mkaa lisilale chumbani hata kama makaa yamebaki kidogo. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huua mtoto na wazazi pamoja.

Neti haiondolewi, kwani malaria ipo. Inayofaa ni ya pembe nne, iliyotundikwa juu ikakazwa, kisha kuchomekwa chini ya godoro pande zote bila kubaki inayoning'inia ndani. Neti mpya yenye dawa ianike kivulini saa 24 kwanza. Kamba za kutundikia ziwe fupi. Neti ya mwavuli inamfaa mtoto asiyegeuka tu; akianza kubingirika anaisukuma kwa uso, na mbu humuuma palepale anapoigusa.

Kama kitanda anatengeneza seremala

Mpe vipimo kwa maandishi. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la kawaida la soda lisiweze kupita katikati. Kutoka ubao wa kushikilia godoro hadi juu ya ukingo, godoro likiwa chini kabisa, ziwe angalau sentimita 66. Nguzo za pembe zisichomoze juu ya ukingo, kwani nguo hunasa hapo. Asichonge matundu ya urembo kwenye ubao wa kichwani. Ukingo wa kushuka na kupanda asiuweke kabisa: Marekani iliukataza mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa kati ya ukingo na godoro. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi, maana mtoto anayeota meno atautafuna ukingo huo. Cha mtumba kikague kwa vipimo hivihivi, kaza kila skrubu, na kama kuna skrubu iliyopotea usiibadilishe kwa waya.

Kitanda kikae chumba unacholala wewe, angalau miezi sita ya mwanzo, mbali na pazia na kamba zake. Nyumba isiyo na nafasi ya kitanda, ambapo mtoto analala na mama, kanuni ni ileile: godoro gumu, mito na mablanketi mazito mbali naye, yeye chali. Usilale naye kabisa kama wewe au baba anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa ya usingizi, au mtoto alizaliwa njiti au chini ya kilo 2.5. Sofa ni hatari kuliko kitanda. Ukihisi usingizi ukimnyonyesha hapo, hamia kitandani.

Anapoanza kukaa, shusha godoro ngazi moja. Anapojivuta kusimama, lishushe hadi chini kabisa. Akifikia urefu wa sentimita 89, au akijaribu kupanda ukingo kabla ya hapo, muda wa kitanda hiki umekwisha. Blanketi jepesi linaweza kuanza akishatimiza miezi 12, na mto usubiri mpaka ahamie kitanda cha kawaida.