Kanuni za leseni za kulea watoto zikibadilika: pa kuanzia ukiwa Marekani

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa anayelea watoto wa watu nyumbani kwake. Kila jimbo lina kanuni zake, ila jimbo linalopokea ruzuku ya malezi lazima lifikie kiwango cha chini cha sheria ya shirikisho ya 2014. Ndiyo maana idadi ya watoto unaoruhusiwa hutofautiana Texas na Ohio, lakini sharti la kuchunguzwa kwa alama za vidole ni lilelile.

Barua ya mabadiliko kutoka ofisi ya leseni ikifika, tafuta kwanza tarehe ya kuanza kutumika. Kanuni iliyopendekezwa bado inapokea maoni na haikubani. Iliyopitishwa inakubana tangu tarehe hiyo ya kuanza kutumika. Majimbo mengi huchapisha nakala yenye alama: maneno yaliyofutwa yamekatwa kwa mstari, mapya yamepigiwa mstari chini. Anza na hayo.

Kinachochelewesha wengi ni uchunguzi wa rekodi za jinai. Hauishii kwako na kwa msaidizi wako. Unamhusu kila mwenye miaka 18 au zaidi anayeishi nyumba hiyo, hata asiyewagusa watoto. Mpwa mtu mzima aliyekuja kwa wiki mbili na sasa yuko mwezi wa sita yumo. Binti aliyetimiza 18 juzi yumo. Wote hawa huchunguzwa kupitia FBI kwa alama za vidole, rekodi za jimbo, orodha ya wakosaji wa kingono na orodha ya waliodhuru watoto, pamoja na kila jimbo walilokaa miaka 5 iliyopita. Ukishukia Arizona kisha ukahamia Kentucky, Arizona nayo itaulizwa, na majibu ya jimbo jingine ndiyo hukawia. Uchunguzi hurudiwa angalau kila miaka 5, kwa hiyo andika tarehe ya kila mtu kwenye kalenda.

Jina huharibu mengi. Likiandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye fomu na mwingine kwenye kitambulisho, faili husimama. Nakili herufi kwa herufi, na taja majina yote uliyowahi kutumia. Vidole vilivyosuguliwa na sabuni au kazi ya kiwandani navyo hukataliwa: paka losheni kila usiku kwa wiki nzima kabla ya kwenda, ila siku yenyewe nenda na mikono mikavu. Alama zikikataliwa mara mbili, uliza ofisi kuhusu kutafutwa kwa jina badala ya vidole. Usifiche kosa la zamani: uongo wa makusudi katika uchunguzi huo unatosha kukunyima kazi, hata pale ambapo kosa lenyewe lingesamehewa.

Mafunzo ya huduma ya kwanza na kufufua mtu aliyeacha kupumua (CPR) yana mtego wake. Cheti cha mtandaoni pekee hukataliwa na majimbo mengi kwa sababu hukushika sanamu ya mazoezi. Uliza kabla ya kulipa.

Kitanda cha mtoto mchanga angalia tarehe ya kutengenezwa. Kilichotengenezwa kabla ya 28 Juni 2011 kwa kawaida hakifikii viwango vya sasa, na vyenye ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku. Mtoto alazwe chali, godoro gumu, shuka iliyobana, basi. Mto, blanketi, mwanasesere, hata khanga ya kumfunikia, vyote vitoke. Baridi ikizidi, mvalishe nguo ya kulalia yenye joto.

Mkaguzi huja bila taarifa angalau mara moja kwa mwaka, na ripoti huwekwa mtandaoni wazazi waisome. Atahesabu vichwa (uliza kama watoto wako mwenyewe wanahesabiwa), atafungua kabati la sabuni, ataomba kuona ruhusa ya mzazi kwa kila dawa. Dawa iwe kwenye chupa yake ya asili. Omba mkalimani mapema. Usimtumie mwanao kutafsiri.

Akiandika kosa usilokubaliana nalo, mwombe namba ya kifungu kwa maandishi, kisha tazama barua ya kosa hilo: muda wa kukata rufaa umeandikwa humo, na ukipita, kosa hubaki kwenye faili lako.