Namna ya Kutambua Chanzo cha Milio Chini ya Gari ya Zamani ya Magurudumu Manne

Difu (kisanduku cha gia kwenye ekseli kinachogawa nguvu kwa magurudumu) ya Land Cruiser au Escudo ya zamani haifai kufunguliwa kwa sababu tu mlio umesikika mara moja na fundi akakisia. Ikishafunguliwa, hairudi katika vipimo vyake bila ya fundi mwenye vifaa, na kwa sisi wa visiwani kipuri kinachokosekana huenda kikasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Kabla ya spana kuguswa, mwenye gari ajue mlio unatoka wakati gani: gari ikikata kona ya upande gani, mguu ukiwa juu ya mafuta au umeachiliwa. Chuma husafirisha sauti, na mlio wa mbele huweza kusikika kana kwamba unatoka nyuma, kwa hivyo sikio peke yake halitoshi.

Anza gari ikiwa imesimama. Iwashe, weka nyutro, achia klachi, kisha sikiliza. Mvumo unaotoweka ukikanyaga klachi kwa kawaida ni wa beringi ya shafti inayoingia giaboksi, na ule unaoanza pale unapoikanyaga ni wa beringi ya klachi. Difu na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) hazihusiki, kwani gari imesimama.

Kabla ya kutoka barabarani, bandua mawe yaliyonasa katika tairi, maana njia za maweni huacha vipande vinavyogonga lami kwa mpigo wa gurudumu. Vilima vya Pemba ni msaada mkubwa katika jaribio linalofuata. Kwenye tambarare za kusini Unguja itabidi uongeze na kupunguza mafuta makusudi. Difu inayolia wakati wa kupanda, kisha ikanyamaza au kubadilisha sauti unapoachia mafuta na kushuka, inaashiria meno ya kraun na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) au beringi za pinioni, kwani nguvu imehamia upande wa pili wa meno. Mvumo usiojali mafuta, lakini ukazidi unapopinda taratibu kushoto, huelekeza kwenye beringi ya gurudumu la kulia, ambalo wakati huo ndilo lililoelemewa na uzito.

Mpigo nao unasema mengi. Katika gari nyingi za aina hii propela huzunguka karibu mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hivyo mlio wa kwi-kwi-kwi wa haraka, huku gari ikienda polepole, mara nyingi ni wa krosi jointi (kiungo cha propela kinachopinda) iliyokauka grisi, na mlio wa kugonga wa taratibu utafutwe kwenye gurudumu au breki. Kishindo kimoja unapotoka rivasi kwenda mbele kwa kawaida ni cha krosi iliyolegea. Ili kuthibitisha, simamisha gari mahali tambarare, zima injini, weka kabari mbele na nyuma ya tairi, tia nyutro, kisha ushike propela na kuipinda huku na huku. Mchezo mdogo, yaani kulegalega, kwenye difu ni wa kawaida, lakini ndani ya krosi yenyewe usihisi mchezo wowote.

Asiingie mtu chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Wala usitie gia injini ikiwaka huku gurudumu moja tu likiwa hewani, kwa sababu magurudumu mengine yanaweza kushika ardhi na kuisukuma gari ikaanguka.

Mlio wa tak-tak-tak unapokata usukani hadi mwisho ni wa jointi ya ekseli ya mbele. Gari yenye habu za kufunga kwa mkono (vitovu vya magurudumu ya mbele vinavyounganishwa na ekseli au kuachanishwa nayo) hukupa jaribio zuri: achanisha habu zote mbili, endesha kwa magurudumu mawili, na urudie njia ileile. Mlio ukipotea, chanzo kimo katika ekseli, difu au propela ya mbele, ambazo sasa hazizunguki. Gari isiyo na difu ya katikati (inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), ikitiwa magurudumu manne juu ya lami kavu, hugonga na kusita kwenye kona hata kama ni nzima. Itoe kwenye magurudumu manne na urudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka.

Kwa wanaopakia mwani au kuvuta ngalawa ufukweni, jambo ninalolisisitiza zaidi ni maji ya bahari. Difu yenye moto ikizama majini hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na kipumulio (tundu la kupitishia hewa la difu) kikiwa kimeziba, maji huvutwa kupitia kwenye sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Oili yenye rangi ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo, hata kama hakuna mlio, kwani chumvi hula beringi. Uji mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia oili ni wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni sababu ya kutosha ya kufungua difu. Legeza kwanza bolti ya kujazia, ndipo uifungue ile ya kumwagia. Ile ya kujazia, iliyo juu, ikiwa imeshikwa na kutu, gari itabaki bila ya oili na bila ya mahali pa kuijazia.